Diski mpya inapokataa mfumo: Jinsi ya kutambua chanzo kabla ya kupoteza data

TANGU Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, wamiliki wa tarakilishi za zamani wamekabiliwa na swali moja: wanunue mashine mpya au waifufue ile waliyo nayo?

Kwa wengi jijini Nakuru na katika miji jirani ya Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha, jibu la pili ndilo linaloafiki mfuko. Diski mpya aina ya SSD hununuliwa, ikatiwa ndani ya kipakatalishi kilichokwisha kutumika ng'ambo, kisha mwenyewe au fundi akajaribu kuweka mfumo wa uendeshaji upya.

Mara nyingi kazi hiyo hukamilika bila matatizo. Hata hivyo, kuna siku ambapo mashine hukataa katakata. Skrini huonyesha kwamba hakuna diski iliyopatikana, au kwamba mfumo hauwezi kuwekwa hapo, au kazi hukatika ikiwa nusu.

Hasara ya kukwama huko si ya muda peke yake. Mwenye saibakafe ana wateja wanaotaka kuwasilisha ripoti zao za ushuru kabla ya makataa ya Juni 30. Shule ina alama za wanafunzi. Chama cha ushirika cha wafugaji kina hesabu za maziwa ya wanachama wake. Taharuki inapoingia, ni rahisi mtu kufuta diski ya zamani iliyobeba kumbukumbu hizo zote, akidhani anafuta ile mpya.

Jambo ambalo msomaji anapaswa kufahamu tangu mwanzo ni kwamba diski mpya inapokataa mfumo, aghalabu diski yenyewe ni nzima. Tatizo huwa kwenye kebo, mipangilio, flashi iliyobeba mfumo au tarakilishi yenyewe. Njia ya kutambua chanzo ni kuuliza kwanza: kazi imekwama katika hatua gani?

Hatua zenyewe ni tano. Ya kwanza, tarakilishi haioni diski hata kidogo. Ya pili, tarakilishi inaiona lakini programu ya usakinishaji haiioni. Ya tatu, programu inaiona lakini inakataa kuitumia. Ya nne, kazi inaanza kisha inakatika. Ya tano, kazi inakamilika lakini mashine haiwaki. Kila hatua ina visababu vyake, na anayejua amekwama wapi hatapoteza siku nzima akirekebisha kisichoharibika.

DATA KWANZA

Kabla ya kugusa chochote, ondoa diski ya zamani na uiweke kando. Hii ndiyo kinga iliyo bora kuliko zote, kwani hakuna amri inayoweza kufuta diski isiyounganishwa na mashine.

Ikiwa diski ya zamani bado inafanya kazi, nakili faili muhimu kwenye diski ya nje. Usiamini flashi moja tu. Hesabu za biashara au alama za wanafunzi zinastahili kuwa na nakala mbili zilizohifadhiwa mahali tofauti.

Aidha, kagua iwapo diski ya zamani imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker. Vipakatalishi vingi vya miaka ya karibuni hufungwa hivyo hata bila mwenyewe kutambua. Mipangilio ya mashine inapobadilishwa, huenda ikaitisha ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenyewe, na ni vyema kuutafuta mapema.

Anayempelekea fundi mashine yenye taarifa za wateja au wanafunzi akumbuke pia kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu azilinde. Kumwachia fundi diski iliyo wazi, bila makubaliano yoyote, ni kujitia hatarini. Kwa kazi ya kuweka mfumo kwenye diski mpya, fundi hahitaji kubaki na ile ya zamani.

HATUA YA KWANZA: TARAKILISHI HAIONI DISKI

Washa mashine na uingie kwenye ukurasa wa mipangilio ya awali, ule ambao mafundi wengi bado wanauita BIOS ingawa katika mashine za kisasa jina lake ni UEFI. Kulingana na kampuni iliyounda mashine, huingiwa kwa kubonyeza F2, F10, Delete au Esc mara tu mashine inapowaka.

Tafuta orodha ya vifaa vya kuhifadhia data. Ikiwa jina la diski mpya halimo, hakuna haja ya kuhangaika na Windows wala Linux. Tatizo ni la kifaa au namna kilivyounganishwa.

Zima mashine, chomoa chaja au kebo ya umeme, na uondoe betri ikiwa inatoka. Toa diski na uirudishe tena hadi ikae sawasawa. Katika tarakilishi ya mezani, diski ya SATA huhitaji kebo mbili: moja ya data na nyingine ya umeme. Jaribu kebo nyingine na soketi nyingine kabla ya kulaumu diski.

Jina Nakuru husemekana lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi, na mwenye kufungua tarakilishi iliyokaa miaka kadhaa dukani au darasani atakubaliana na maelezo hayo. Vumbi linaloziba soketi linaweza kuzuia diski isionekane. Lipulizwe kwa hewa au lipanguswe kwa brashi laini iliyokauka, si kwa kitambaa chenye maji.

Katika miezi ya kiangazi, hewa kavu huongeza umeme tuli mwilini, hasa kwa aliyevaa sweta la sufi. Gusa sehemu ya chuma isiyopakwa rangi ya kasha la mashine kabla ya kushika diski, na uishike kwa kingo zake.

Kosa jingine hutokea wakati wa kununua. Diski ndogo nyembamba zinazofanana na kipande cha ubani, zijulikanazo kama M.2, ziko za namna mbili. Kuna zinazotumia njia ya SATA na kuna zinazotumia NVMe. Zote huweza kuingia katika soketi zinazofanana, lakini soketi nyingi za mashine za zamani hukubali namna moja tu. Soma kibandiko cha diski, kisha ulinganishe na maelezo ya mashine yako.

Isitoshe, ukitumia kiunganishi cha kuingiza diski ya NVMe katika tarakilishi ya mezani ya zamani, huenda mfumo ukaiona na kuhifadhi faili ndani yake, lakini mashine ikashindwa kuwaka kutoka kwayo. Maelezo ya awali ya NVMe yalitolewa mwaka 2011, na bodi kuu nyingi za kabla ya hapo na za miaka michache iliyofuata hazina uwezo huo. Kwa mashine kama hizo, SSD ya SATA ndiyo chaguo salama.

Hatimaye, jaribu diski hiyo katika mashine nyingine. Ikikosa kuonekana katika mashine mbili tofauti zinazoikubali aina yake, hapo ndipo una sababu ya kuirudisha dukani.

HATUA YA PILI: PROGRAMU YA USAKINISHAJI HAIIONI

Hapa diski ina jina lake katika mipangilio ya awali, lakini orodha ya programu ya Windows ni tupu. Wengi hukata kauli kwamba diski imekufa, na huo ni uamuzi wa haraka.

Katika vipakatalishi vyenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na vilivyofuata, chanzo cha kawaida ni mpangilio uitwao VMD, unaosimamia diski kwa niaba ya mfumo. Programu ya usakinishaji inapokosa draiva yake, haioni kilicho nyuma ya pazia hilo.

Suluhisho ni kupakua draiva ya Intel Rapid Storage kutoka tovuti ya kampuni iliyounda kipakatalishi, kuifungua kwa kutumia tarakilishi nyingine, na kuiweka kwenye flashi. Katika ukurasa wa kuchagua diski, bofya "Load driver" na uielekeze kwenye folda hiyo. Diski huonekana papo hapo.

Njia ya pili ni kuzima VMD katika mipangilio ya awali. Njia hii hufaa pale ambapo diski ni moja na ni tupu. Lakini ikiwa kuna Windows nyingine iliyowekwa mpangilio huo ukiwa umewashwa, huenda nayo ikakataa kuwaka. Andika au piga picha ya mipangilio ilivyokuwa kabla ya kubadilisha lolote.

Wanaoweka Ubuntu au Linux ya aina nyingine hukutana na hali kama hiyo. Mashine ikiwa imepangwa kutumia RAID au RST, huenda programu ikashindwa kuona diski na kumtaka mtumiaji abadilishe mpangilio huo hadi AHCI.

Kwa wale wanaong'ang'ania Windows 7, ni vyema wakumbuke kwamba mfumo huo ulitolewa mwaka 2009, kabla ya NVMe kuwepo. Nakala yake ya awali haina draiva ya diski hizo, wala ya soketi za USB 3.0. Mbali na hayo, msaada wake wa kawaida ulikoma Januari 14, 2020, na haifai tena kwa mashine inayotumika kwenye intaneti.

HATUA YA TATU: INAIONA LAKINI INAIKATAA

Hapa programu hueleza kwamba Windows haiwezi kuwekwa katika diski iliyochaguliwa. Ujumbe huo mara nyingi hutaja MBR au GPT, na hapo ndipo jibu lilipo.

Kila diski huwa na jedwali linaloonyesha jinsi ilivyogawanywa. Jedwali la MBR ni la tangu mwaka 1983, enzi za tarakilishi za awali za IBM, na kwa kawaida haliwezi kusimamia diski inayozidi terabaiti 2. Jedwali la GPT ni jipya zaidi na halina kizuizi hicho.

Kanuni ya Windows ni nyepesi. Mashine ikiwaka kwa njia ya UEFI, diski ya mfumo sharti iwe ya GPT. Ikiwaka kwa njia ya kale ya BIOS, sharti iwe ya MBR. Mambo haya yakipishana, usakinishaji hukataliwa hata kama diski haina dosari.

Wakati mwingine tatizo ni jinsi flashi ilivyoanzishwa. Katika orodha ya kuchagua kifaa cha kuwashia, flashi hiyo moja huweza kutokea mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI mbele yake. Kwa mashine ya kisasa, chagua yenye neno hilo.

Ikiwa diski ilikwisha kupewa jedwali lisilofaa, na una hakika haina kitu, inaweza kusafishwa. Katika programu ya usakinishaji ya Windows, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja ili kufungua dirisha la amri. Andika "diskpart", kisha "list disk". Orodha ya diski itaonekana pamoja na ukubwa wa kila moja.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika makala haya. Amri ya "select disk" ikifuatiwa na namba huchagua diski, na amri ya "clean" huondoa jedwali lake lote bila kuuliza mara ya pili. Aliyekosea namba moja hupoteza njia ya kuzifikia faili za miaka mingi. Ikiwa ulifuata ushauri wa kuondoa diski ya zamani, kitakachobaki katika orodha ni diski mpya na flashi pekee, na ukubwa utakuonyesha ipi ni ipi.

Usishtuke ukiona ukubwa ulio pungufu kuliko ulioandikwa kwenye pakiti. Viwanda huhesabu kwa makumi na Windows huhesabu kwa njia nyingine. Diski ya gigabaiti 256 huonekana kama 238, ya 500 kama 465, na ya terabaiti 1 kama 931. Huo si wizi.

Baada ya kusafisha, andika "convert gpt" kwa mashine ya UEFI, toka kwenye dirisha hilo, na uonyeshe orodha upya. Chagua nafasi tupu na uendelee. Programu itaunda vigawanyo vinavyohitajika yenyewe.

Kuna kukataliwa kwa namna nyingine kusikohusu diski kabisa. Windows 11 huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, uwezo wa Secure Boot, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Pia huhitaji prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa upande wa Intel huanzia hasa kizazi cha 8.

Vipakatalishi vingi vilivyokwisha kutumika Uingereza na kuuzwa hapa nchini ni vya kizazi cha 4 hadi cha 6. Kwa hivyo ujumbe kwamba tarakilishi hii haiwezi kuendesha Windows 11 hautaondoka hata ukinunua diski tatu. Katika mashine mpya kidogo, kagua kwanza iwapo TPM imezimwa tu katika mipangilio ya awali.

HATUA YA NNE: KAZI INAKATIKA IKIWA NUSU

Usakinishaji ukianza vyema kisha ukakwama, au ukaeleza kwamba faili fulani haipo au imeharibika, mshukiwa wa kwanza ni flashi.

Faili ya Windows 11 huzidi gigabaiti 5. Kwa anayepakua kwa bando za simu, kukatika kwa mtandao katikati ni jambo la kawaida, na faili inayoonekana kamili huenda ikawa na kasoro ndani yake. Microsoft na watengenezaji wa Ubuntu huchapisha alama ya SHA-256 ya faili zao. Katika Windows, amri ya "certutil" huweza kukokotoa alama ya faili uliyopakua. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, pakua upya.

Faili zipakuliwe kutoka kwa mwenyewe. Nakala za Windows zinazozungushwa kwenye flashi sokoni, zikiwa zimevunjwa kufuli, ni chanzo cha hitilafu nyingi na hata programu hasidi. Vilevile zinakiuka Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Namna flashi ilivyotayarishwa ina uzito pia. Kunakili tu faili kwenye flashi hakutoshi. Flashi ya muundo wa FAT32 haiwezi kubeba faili moja inayofikia gigabaiti 4, na faili kuu ya Windows ya siku hizi huzidi kiwango hicho. Tumia programu ya Microsoft ya kutengeneza flashi ya usakinishaji, au Rufus, ambazo hulitatua tatizo hilo zenyewe. Flashi iwe ya gigabaiti 8 au zaidi.

Mshukiwa wa pili ni kumbukumbu ya tarakilishi, ile iitwayo RAM. Ikiwa na dosari, data huharibika njiani na lawama ikaangukia diski. Ikiwa mashine ina vijiti viwili vya kumbukumbu, ondoa kimoja na ujaribu tena. Programu ya Memtest86+, isiyolipiwa, huweza kuachwa ikipima usiku kucha.

Mshukiwa wa tatu ni umeme. Jambo hili wakazi wa Bonde la Ufa wanalielewa, kwani hata wanaoishi Naivasha, karibu na visima vya mvuke vya Olkaria vinavyozalisha umeme wa taifa, hawakuepuka giza lililoikumba nchi Agosti 25, 2023. Kipakatalishi kiwe na chaji ya kutosha kabla ya kuanza. Tarakilishi ya mezani iunganishwe na kifaa cha UPS, hata kama ni cha kukodi kwa siku moja.

Mshukiwa wa nne ni diski ya kughushi. Ulaghai huu hufanywa kwa kubadilisha maelezo yaliyo ndani ya diski ndogo ili ijitangaze kuwa kubwa. Diski ya gigabaiti 64 hudai ni ya terabaiti 1. Mwanzoni kila kitu huwa shwari, lakini nafasi halisi inapojaa, data mpya hufuta ya zamani au hupotea.

Kumtambua mlaghai huyo hakuhitaji utaalamu. Programu za H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux huijaza diski data, kisha huisoma tena na kulinganisha. Fanya hivyo diski ikiwa bado tupu. Terabaiti kadhaa kwa bei ya chakula cha mchana ni ishara tosha ya kuuliza maswali.

HATUA YA TANO: IMEKAMILIKA LAKINI HAIWAKI

Wapo wanaofika mwisho, mashine ikajizima na kujiwasha, kisha ikawarudisha mwanzo wa usakinishaji. Katika hali hii, mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mashine imewaka tena kutoka kwenye flashi. Ichomoe pale tu mashine inapojizima kwa mara ya kwanza baada ya kunakili faili.

Ikisema hakuna kifaa cha kuwashia, ingia katika mipangilio ya awali na uangalie mpangilio wa vifaa. Kwa Windows, kile kiitwacho "Windows Boot Manager" ndicho kinachopaswa kutangulia. Hakikisha pia kwamba njia ya kuwaka, UEFI au ya kale, ni ileile iliyotumiwa wakati wa usakinishaji.

Kuna kisa kingine kinachowashangaza wengi. Mfumo huwaka vizuri diski zote mbili zikiwemo, lakini ile ya zamani ikiondolewa, mashine inanyamaza. Sababu ni kwamba programu ya Windows ilipokuta diski ya zamani ina kigawanyo cha kuwashia, ilikitumia hichohicho badala ya kuunda kipya. Dawa rahisi ni kurudia kazi diski mpya ikiwa peke yake. Hii ni sababu nyingine ya kuiondoa ya zamani tangu mwanzo.

Kwa tarakilishi za mezani zilizotumika kwa miaka mingi, usisahau betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi kuu, kwa kawaida aina ya CR2032 ya volti 3. Ikiisha nguvu, kila umeme unapokatika mashine husahau mipangilio yake. Njia ya kuwaka au mpangilio wa SATA hurudi ulivyokuwa kiwandani, na mfumo uliokuwa ukifanya kazi jana ukakataa leo.

Dalili yake ni saa na tarehe kurudi nyuma miaka mingi. Saa isiyo sahihi pia huzifanya tovuti salama, zikiwemo zile za huduma za serikali, zikataliwe na kivinjari. Betri hiyo ni ya bei ya chini na hubadilishwa kwa dakika chache.

DISKI IKIWA KWELI NI MBOVU

Baada ya kupitia hayo yote, huenda ikabainika kwamba diski ina kasoro. Dalili zinazoaminika ni kutoonekana katika mashine mbili, kutoweka ghafla inapotumika, kushindwa jaribio la kuijaza na kuisoma, au ripoti ya SMART inayoonyesha hitilafu. Ripoti hiyo husomwa kwa programu kama vile CrystalDiskInfo.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, nayo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikaliendeleza suala hilo. Lakini haki hiyo huhitaji ushahidi. Itisha risiti yenye namba ya diski, hifadhi pakiti, na upige picha ya ujumbe wa hitilafu. Mwuzaji anayeonyeshwa kwamba diski ilishindwa katika mashine mbili hana hoja nyingi za kujitetea.

Muulize pia kuhusu muda wa dhamana kabla ya kulipa. Diski ya jina lisilojulikana, isiyo na dhamana, haipaswi kukabidhiwa hesabu za ushirika wala alama za mtihani.

MASHINE ISIYOKUBALI WINDOWS 11

Mwenye mashine isiyotimiza masharti ya Windows 11 hana haja ya kuitupa. Microsoft iliruhusu watumiaji binafsi wa Windows 10 kujiandikisha kwa masasisho ya ziada ya usalama hadi Oktoba 13, 2026.

Njia ya kudumu zaidi ni Linux. Mifumo kama Linux Mint na Ubuntu haina malipo na hufanya kazi katika vipakatalishi vingi vya kizazi cha 4 na kuendelea. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilipewa jina la neno la lugha za huko ambalo Mswahili hulitambua mara moja, kwani ni ndugu wa neno utu.

Faida yake kwa anayehangaika na diski mpya ni kwamba huweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski. Mtumiaji hupima kama diski inaonekana, kama mtandao unashika na kama printa inachapisha, kisha akaamua. Hata anayekusudia kubaki na Windows anaweza kutumia flashi ya Ubuntu kama kipimo: diski ikionekana na kuandikika humo, si rahisi kuwa imekufa.

Kabla ya kuhamisha shule au ofisi nzima, ijaribiwe mashine moja kwa wiki kadhaa. Kuna programu za uhasibu na printa ambazo hazina toleo la Linux, na ni afadhali kugundua hilo mapema kuliko siku ya kulipa mishahara.

Kwa kifupi, mpangilio wa kufuata ni huu: toa diski ya zamani, tambua hatua uliyokwama, kagua kebo na soketi, kagua mipangilio, tengeneza flashi upya, pima kumbukumbu, na mwisho kabisa ndipo uipime diski yenyewe. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja na uliandike, kwa maana anayebadilisha matatu kwa pamoja hatajua lipi lililoponya. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na katika kazi hii anayejikwaa huanguka na kumbukumbu za watu wengine.